Vikombe Ishirini na Viwili vya Kambi ya Harlan

Lehemu ilikataa kuyeyuka, na hapo ndipo Twyla Hostetler alipojua alichokifanya.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya hema, sketi ya sufu imemfunika hadi vifundoni, kofia nyeupe ya kitambaa kichwani. Nyuma ya kamba walisimama watu kama ishirini wakimtazama. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, kando ya mto Wabash, na kambi nzima ilikuwa imerudi mwaka elfu moja mia saba tisini na nne. Ndivyo watu walivyokubaliana, kuigiza maisha ya kale kwa siku mbili. Askari walibeba bunduki za baruti, wanawake walipika kwa kuni, na kila hema lilikuwa na sanduku la barafu la plastiki lililofichwa chini ya blanketi.

Twyla alikuwa anaunga fanusi ya bati. Kwa fanusi na vinara vya mishumaa alitumia lehemu laini, ile iliyochanganywa na risasi, madini mazito ya kijivu ambayo yakiingia mwilini ni sumu, na kwa mtoto ni sumu zaidi. Hakuna anayekunywa kwenye fanusi, kwa hiyo haikuwa na neno. Kwa vikombe na birika alitumia lehemu ngumu, isiyo na risasi hata chembe, ambayo inataka moto mkali na subira. Vipande vya laini vilikaa upande wa kushoto wa sanduku, vya ngumu upande wa kulia.

Alichukua cha kushoto, akakigusisha kwenye chuma cha kulehemu. Kikatoa kijasho tu. Akakirudisha chuma kwenye makaa, akahesabu mpaka thelathini, akajaribu tena. Kikabaki vilevile. Akachukua kingine cha kushoto, nacho kikawa mkaidi kama mwenzake. Basi mkono wenyewe, bila yeye kuutuma, ukaenda upande wa kulia, ukaleta kipande, na kile kipande kikayeyuka kama samli kwenye kikaango.

Mtoto mmoja nyuma ya kamba akauliza mbona yule mama ameacha kufanya kazi. Twyla aliwaomba radhi watu, akasema moto umepungua, akaingia ndani ya hema na vipande viwili mkononi.

Kulikuwa na karatasi ya oda mezani. Aliigeuza. Kipande cha kushoto alikisugua juu yake, hakikuacha kitu. Kipande cha kulia kilichora mstari wa kijivu, safi kabisa, kama penseli ya shule. Alisugua tena kwa kutotaka kuamini. Mistari ikawa miwili.

Risasi huandika, bati safi haliandiki. Jambo hilo alifundishwa siku yake ya kwanza na Mzee Verlin Stroud, miaka sita iliyopita, kwenye karakana nyuma ya nyumba yake, wakati yeye hajui hata kushika mkasi wa bati.

Hakuhitaji kujiuliza vilibadilishana wapi. Ilikuwa Kambi ya Harlan, wiki tatu nyuma. Asubuhi ile mkaguzi alipita na kikapu chake mkononi, yule mwanamke mwembamba ambaye kazi yake ni kunusa kila kitu kilichozaliwa baada ya mwaka wa kambi. Alishamvua kijana mmoja saa ya mkono, alishamfukuza mama mmoja na miwani yake ya rangi. Alipofika kwa mafundi bati aliinama juu ya sanduku, akainua kipande cha lehemu chenye karatasi ya kiwandani, akauliza kwa sauti ya upole kama mwaka ule watu walikuwa wanachapisha namba za simu kwenye lehemu. Watu wa mahema ya jirani walicheka. Twyla naye alicheka, uso ukimuwaka, na mkaguzi alipokwenda zake akabandua karatasi zote haraka haraka na kuzitupa motoni.

Kanuni ya Mzee Verlin ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Kabla karatasi haijatoka, kipande chenye risasi kinachanjwa kwa kisu, chale mbili, upande mpana. Twyla aliijua kanuni hiyo kuliko anavyoijua namba ya nyumba yao. Lakini watu walikuwa wameanza kuja, na kisu kilikuwa ndani ya gari, na vipande vilifanana kama mapacha. Akasema moyoni, nitavitia chale baadaye. Akavipanga kushoto na kulia kwa kukisia uzito mkononi.

Kama ingekuwa hilo tu, Twyla angejisamehe. Mtu hukosea. Tatizo lilikuwa kikombe cha pili.

Pale Harlan alitengeneza vikombe ishirini na viwili kwa siku mbili, mbele ya watu. Kikombe cha kwanza lehemu ilikimbia kwenye mshono kama maji ya mfereji, naye akadhani mkono wake umeiva. Kikombe cha pili ilikimbia tena, na akajua. Alisimama na chuma hewani. Lehemu ngumu haikimbii hivyo. Lehemu ngumu unaibembeleza. Wakati huohuo Mzee Verlin alikuwa amesimama kando yake, kofia nyuma ya kichwa, anawaambia watu kwamba huyu ndiye binti aliyemfundisha mwenyewe, na msimu ukiisha atamkabidhi muhuri wake, ule wa jani na herufi mbili unaogongwa chini ya kila chombo, maana yeye jicho moja limeshaingia ukungu na la pili linafuata. Mwanamume mmoja kwenye umati akasema, hebu tazameni mkono huo. Watu wakapiga makofi.

Twyla akajiambia chuma leo kina moto sana. Akaendelea na cha tatu, na cha nne, mpaka vikaisha. Vyote viligongwa muhuri, na vyote vilinunuliwa palepale.

Sasa alifunua pazia la hema, akatazama nje, akaviona.

Watu wa kambi ni walewale. Leo wako Harlan, wiki ijayo wako kwingine, na vitu walivyonunua wanakwenda navyo. Kikombe kimoja kilining'inia kwenye mkanda wa askari aliyekuwa anasinzia juu ya majani makavu. Vingine viwili vilikuwa vinaning'inia pamoja na nguo kwenye kamba. Jirani yao mhunzi, Dewey Prather, alikuwa amechovya brashi kwenye chake anajinyoa ndevu. Na mbele ya hema la tatu, juu ya turubai, Junia mdogo wa miaka miwili alikuwa amekishika chake kwa mikono miwili, anakunywa maji ya tufaha ya moto, na akipumzika anatafuna ukingo wa kikombe.

Maji ya tufaha ni makali. Hung'ata bati, hung'ata mshono. Hilo nalo alifundishwa.

Miguu ilimpeleka mpaka kwa Maribeth Koontz, mama yake Junia, aliyekuwa anakoroga sufuria la maharage. Maribeth alikuwa mtu wa kwanza kumkaribisha Twyla kwenye moto wake mwaka ule wa kwanza, alipokuwa mgeni hajui hata kufunga kofia yake. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe na kicheko cha kufukuza ndege.

Twyla alimwambia kwamba amekuja kuangalia mkono wa kile kikombe cha mtoto, pengine umelegea, akikaze.

"Umelegea wapi, dada?" Maribeth alisema. "Kimeanguka mara mia, kimekanyagwa na farasi, hakijapata hata kovu. Wewe umekosa wateja leo, unatafuta kazi kwa nguvu."

"Nikichukue kidogo tu. Nitakirudisha."

"Mchukulie wewe uone. Huyu analala nacho. Baba yake anasema tungejua, tusingenunua mwanasesere."

Twyla aliinama, akakishika. Junia alimtazama usoni, midomo ikaanza kutetemeka, kisha akapiga yowe hadi watu wa hema la pili wakageuka. Twyla akakiachia. Maribeth alicheka akasema si nilikwambia, akachota maji mengine ya tufaha kwenye sufuria ndogo, akamjazia mwanawe mpaka juu.

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi. Twyla alisimama pale akimtazama mtoto anameza, akaona koo dogo linavyopanda na kushuka, na hakulisema. Alimuuliza Maribeth maharage yana muda gani motoni. Maribeth akamjibu. Twyla akarudi hemani kwao.

Alichokiogopa hakikuwa kufukuzwa kambini. Alijua kabisa ni nini. Muhuri ule ulikuwa mikononi mwa Mzee Verlin miaka arobaini na mitatu, na hakuna chombo chenye jani lile kilichowahi kurudishwa. Watu wa kambi walikuwa wakigeuza kikombe, wakiona jani, hawaulizi tena. Naye ndiye aliyeligonga jani juu ya sumu, na lilipogongwa alijua.

Mzee Verlin alikuwa nyuma ya hema, amekaa kwenye gogo, anamenya viazi kwa kupapasa. Twyla alichuchumaa mbele yake. Alianza vizuri. Alisema vikombe vya Harlan vimeungwa kwa lehemu yenye risasi, vyote, amehakikisha kwenye karatasi. Alisema vipande vilibadilishana upande sandukuni. Alipofika hapo alivuta pumzi aseme vilibadilishanaje.

Mzee alikuwa ameshaweka kisu chini.

"Ni mimi," alisema.

Twyla alikisogeza kisu mbali na mguu wa mzee.

"Siku ya kwanza pale Harlan nani alipanga sanduku? Nililipanga mimi. Nikakwambia naona vizuri, kumbe sioni hata kifungo cha shati langu. Nimekaa nikisema mwezi ujao, mwezi ujao, nitaliacha sanduku. Sasa ona." Alijipiga goti taratibu, mara mbili. "Nani amenunua mwenye mtoto?"

"Maribeth."

"Mungu wangu." Akasimama, akatafuta kofia yake. "Hapana, wewe kaa. Kosa langu nitalipeleka mwenyewe."

Hapo ndipo angesema. Mzee alikuwa bado anajifuta mikono, nafasi ilikuwepo ya kutosha sentensi tatu. Twyla alifungua mdomo, na kitu ndani yake, kitu kidogo chenye aibu, kikamwambia kwamba vikombe vitarudi vyote hata hivyo, mtoto atapona hata hivyo, na mzee ni mzee, nani atamkasirikia. Akafunga mdomo. Mzee akaondoka akipapasa kamba za hema kwa fimbo.

Alimwona kwa mbali anavua kofia mbele ya Maribeth. Alimwona Maribeth anatabasamu, kisha anaacha kutabasamu. Mwiko ulianguka. Maribeth alimnyang'anya mwanawe kikombe, akamwaga maji ya tufaha majanini, akamkamata Junia chini ya kwapa na kuanza kumfuta ulimi kwa aproni, kwa nguvu, mtoto akilia na kujinyonganyonga. Mzee Verlin aliendelea kusimama na kofia kifuani. Alikuwa anasema kitu. Ndipo sauti ile ya kuita ng'ombe ikapaa juu ya mahema yote.

"Huoni, halafu unashika sumu? Kama macho yamekufa, kaa nyumbani! Huyu ni mtoto, Verlin. Ni mtoto!"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Alipogeuka, alijikwaa kwenye kigingi cha hema ambacho mtu yeyote angekiona.

Ngoma ya gwaride la saa nane ikaanza kulia. Hilo ndilo gwaride ambalo kila mtu wa kambi hujitokeza, askari mstari wa mbele, wengine nyuma, na wageni wanasimama pembeni wakipiga picha. Mzee Verlin hakurudi hemani. Alielekea kule uwanjani moja kwa moja, akifuata sauti ya ngoma, na Twyla akaelewa anakwenda kufanya nini.

Alimfuata. Hakukimbia mwanzo. Alikuwa bado anajiambia kwamba atamwambia jioni, wawili tu, ndani ya gari, na kwamba hapo patakuwa mahali pazuri zaidi. Alipita mbele ya moto wa Dewey, na Dewey akamuuliza, fundi makopo, mzee wako kaamua kuwa jenerali leo? Twyla akaongeza hatua. Akaanza kukimbia, sketi ikimtatiza, kofia ikamtoka.

Mzee alikuwa ameshaongea na kapteni wa kambi, na kapteni alikuwa ameinua mkono, ngoma imenyamaza. Watu mia mbili hivi walikuwa wanamtazama. Aliweka fimbo mbele yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mnanifahamu," alisema. "Mimi ni Verlin Stroud. Wale mlionunua vikombe kwangu pale Harlan, naomba mvifungue mkandani sasa hivi. Msivinywee tena. Vina risasi kwenye mshono. Nilichanganya lehemu kwa sababu ya macho yangu, na nilikuwa najua macho yangu..."

"Si yeye."

Twyla alikuwa hana pumzi. Watu waligeuka. Alitaka kupunguza maneno, akaona yakipunguzwa yatakuwa uongo mwingine.

"Si yeye. Alipanga sanduku siku ya kwanza na alilipanga sawasawa. Mimi ndiye niliyebandua karatasi za lehemu mkaguzi aliposema. Sikuvitia chale. Nilikisia." Alimgeukia mzee. "Na nilipofika kikombe cha pili nilijua. Lehemu ilikuwa inakimbia. Nilijua."

Farasi wa kapteni alisikika anatafuna hatamu. Maribeth alikuwa amefika nyuma ya umati, Junia begani.

"Ulijua," Maribeth alisema. Hakupaza sauti hata kidogo. "Ukaendelea."

"Niliendelea."

"Kwa nini?"

Twyla alitafuta sababu yenye heshima. Hakuwa nayo.

"Watu walikuwa wananitazama," alisema. "Walikuwa wananisifu."

Hakuna aliyemtukana. Angependa wangemtukana. Mmoja mmoja walifungua vikombe mikandani, wakaja, wakaviweka kwenye majani mbele ya miguu yake. Baadhi yao walikuwa wamevitia alama zao wenyewe, herufi za majina, nyota, kimoja kilichorwa sungura. Dewey alikwenda kuleta chake, bado kina povu. Akasimama akitafuta mzaha wa kusema, maana hajawahi kupita bila kusema mzaha, kisha akasema tu kwamba yeye alinyolea, hakunywea, lakini achukue. Vilikuwa kumi na saba. Maribeth hakuleta cha Junia. Alikitupa, kikaja kikijiviringisha, kikagonga vingine. Kumi na nane. Akaondoka papo hapo na mume wake na mtoto, na nguo zao za kale, kwenda hospitali ya mjini.

Kapteni alimwita pembeni. Alikuwa mtu mpole, siku za kazi aliuza bima. Alisema kamati itakaa, lakini kwa leo wafunge hema, na mwakani wasingoje mwaliko. Alisema amesikitika. Twyla akasema asante, kwa sababu hakujua neno lingine.

Walifungasha vitu. Mzee alikunja turubai kwa kupapasa, na Twyla alipojaribu kumsaidia alisogeza mkono wake pembeni, bila ukali, kama mtu anayemfukuza nzi. Walipoingia kwenye gari, Twyla akashika usukani, wakaingia barabara kuu, mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakiwapita pande zote mbili. Vikombe vililia nyuma kila walipopita shimo.

Walikuwa wamekwenda maili kama thelathini Mzee Verlin aliposema.

"Kuchanganya, hata mimi ningechanganya. Iko siku nilichanganya. Kabla hujazaliwa. Niligundua kwenye kikombe cha pili, nikaviponda vyote kwa nyundo mbele ya watu, wakaniona mwendawazimu." Alipapasa fimbo yake. "Sikukwambia. Pengine ningekwambia."

"Nisamehe, mzee."

"Ngoja. Sijafika." Alikuwa anatazama mbele, ingawa hakukuwa na mengi anayoyaona huko. "Kosa la kikombe chako cha pili nalo ningelimeza. Ulikuwa na hamu ya kusifiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nakusifu. Lakini uliniacha nikamvulie kofia yule mama. Ulikaa pale ukanitazama naondoka. Hicho, binti, sijui nikiweke wapi."

Twyla aliendesha. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha, kwa sababu kuyafuta kungekuwa ni kama kuomba kitu.

"Muhuri utabaki kwangu," Mzee alisema baadaye sana, walipokaribia nyumbani. "Sijui mpaka lini. Usiniulize. Jumatatu njoo mapema, kuna vikombe kumi na nane vya kufumua."

Vilichukua siku tano. Mshono ulipashwa moto mpaka risasi ikachuruzika, ukafutwa kwa kitambaa, ukakwanguliwa, ukafutwa tena, na mwishowe Mzee akaamua hata hilo halitoshi, bati limeshakunywa. Vikombe vyote wakavikata vipande, wakaanza upya na bati jipya. Mzee alikaa karibu naye kila siku, akasikiliza. Macho hayakuwa na kazi tena, lakini alikuwa anasikia chuma kikigusa mshono, na kama mguso ulikwenda upesi mno aligonga meza kwa kidole, na Twyla alisimama, akachukua karatasi, akasugua kipande kile mbele yake, akasema hakiandiki. Hapo ndipo mzee alipoinua kidole kumruhusu aendelee. Chini ya vile vikombe vipya hakukugongwa kitu.

Wenye vile vinne vilivyobaki Twyla aliwatafuta kwa simu. Watatu aliwapata. Mmoja, mwalimu wa shule kule Ohio, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa ukweli wake, na shukrani ile ilimuuma Twyla kuliko tusi. Wa nne alikuwa mwanamume mwenye koti la kahawia aliyelipa akaondoka, hakuacha jina. Kikombe chake kiko mahali fulani, kwenye kabati la mtu au mkononi mwa mtoto wa mtu. Twyla aliandika tangazo, akalipeleka kila kambi iliyokubali kulibandika, jina lake mwenyewe juu na maneno haya chini yake, kwamba alijua. Mzee Verlin alimwambia si lazima aandike hilo la mwisho. Aliliandika.

Maribeth hakupokea simu kwa wiki mbili. Twyla alimpigia kila siku saa kumi na mbili jioni, simu ikaita mpaka ikakata, na kila siku aliacha ujumbe uleule kwa maneno tofauti: nisamehe. Jioni ya kumi na tano simu ikapokelewa. Kulikuwa na kelele za vyombo na mtoto anaimba wimbo usiokuwa na maneno.

Twyla alianza. Alisema dada, sijui niseme nini, najua sistahili, naomba unisa...

"Acha," Maribeth alisema.

Akaacha.

"Jumbe kumi na nne. Nimezisikiliza zote. Kila moja unaniomba mimi nikupe kitu. Mimi sina cha kukupa, Twyla. Nimechoka, nina mtoto wa kumpeleka kuchomwa kidole damu ipimwe. Hata mara moja hujaniuliza anaendeleaje."

Twyla alikuwa amesimama jikoni kwake, mkono mmoja ukutani. Alizipitia kichwani jumbe zile, moja baada ya nyingine, na ilikuwa kweli.

Akautoa mkono ukutani.

"Junia anaendeleaje?"

Upande wa pili maji yalifungwa. Kiti kikaburuzwa. Maribeth akashusha pumzi, akaanza kueleza: kwamba majibu ya kwanza yalikuwa juu kidogo ya pale daktari anapopenda, si pa kulazwa, lakini si pazuri, kwamba watampima tena mwezi wa kwanza, kwamba wameambiwa wampe mayai na mboga za majani, naye mboga za majani anazitema ukutani, kwamba mishono yote ilichunguzwa hadi kwenye vikombe vya bibi yake, kwamba analala vibaya, anatafuta kikombe chake chini ya mto, wamempa cha mbao, amekitupia paka.

Aliongea muda mrefu. Twyla alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, akasikiliza, na Maribeth aliponyamaza alimuuliza mboga zipi hasa anazozitema.